Ngamia wa Kerenge

Wapiga picha wanaotoka mjini hawashuki Kerenge. Wanapanda Lushoto, wanasimama Irente ukingoni kabisa kuitazama Mazinde kwa chini, wanarudi. Au wanakwenda Amani kutafuta vinyonga na vipepeo, na wenye nafasi wanamalizia Pangani kwenye magofu ya pwani. Kati ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki kuna bonde la mto Lwengera, na sisi ndiyo huko: mkonge, mahindi, vumbi la kiangazi, tope la masika, bodaboda zinazogombea abiria Kibaoni. Mgeni mwenye kamera akipotea njia akauliza kuna nini cha kupiga picha huku, vijana wa kijiweni humjibu kabla sijafungua mdomo: "Hapa hamna kitu, mzee. Panda juu."

Jibu hilo linanikera kuliko wanavyodhani, na halinikeri kwa uzalendo wa kata. Mimi ni mpiga picha, ni Mwislamu, na nikisikia mtu anasema mahali fulani hamna kitu, nasikia hoja ya kidini humo ndani. Anadai kwamba Muumba alipofika hapa alipumzika. Sasa, kama ishara zake zimo Irente na hazimo Kerenge, basi masikini asiye na nauli ya Lushoto amenyimwa sehemu ya dini yake.

Kazi yangu ni ile ya wapiga picha wote wa vijijini: paspoti saizi, harusi, mahafali ya darasa la saba, kipaimara, maulidi, na siku hizi picha za fomu za mikopo ya vikundi. Niliingizwa kazini na mjomba, enzi za mikanda. Alikuwa na Yashica aliyoifunga kwa raba ya pampu ya baiskeli kwa sababu mfuniko wa nyuma ulikuwa haukai. Mkanda ukijaa tunamkabidhi kondakta wa basi, unakwenda kusafishwa Tanga, picha zinarudi wiki ya pili, na bwana harusi anakuja kila siku kuulizia. Hakuna aliyetupa mkanda kupiga picha kinu. Mkanda ulikuwa hela.

Kidijitali kilipoingia, picha ikawa haina gharama, na hapo ndipo nilipotegemea watu waanze kuona vilivyo karibu. Wapi! Wateja wangu hadi leo wakiingia studio wanataka pazia lenye ghorofa, daraja la nchi za watu, ufukwe wenye minazi iliyonyooka kupita kiasi. Msichana wa Magoma, aliyezaliwa mahali pazuri kiasi hiki, anasimama mbele ya jiji asilolijua jina na kuniomba nihakikishe miguu haionekani ili isijulikane sakafu ni ya udongo. Simcheki. Huko Mombasa, wapiga picha waliokuwa na vibanda karibu na kivuko cha Likoni walijijengea jina kwa mandhari za namna hiyo hiyo, na Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, akaandika habari zao pamoja na za studio nyingine za pwani katika kitabu kilichotoka mwaka 2013. Tamaa ya kuonekana mbali ni ya kibinadamu. Lakini mjini Bamako, nchini Mali, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Seydou Keïta aliwapiga watu picha uani kwake, na pazia lake la mwanzo lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Picha zile sasa zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Nimeweka kanga ukutani kwa kumuiga. Mpaka sasa walioichagua ni bibi harusi mmoja na watoto.

Nirudi kwenye dini. Katika Sura ya 88, Al-Ghashiya, kuanzia aya ya 17, watu wanaulizwa kwa nini hawatazami. Vinatajwa vitu vinne: ngamia, mbingu, milima na ardhi. Madrasa tuliisoma sura hii kwa sauti ya pamoja, vichwa vikiyumba, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza mbona ngamia ndiye wa kwanza. Wale walioulizwa swali hilo mara ya kwanza walikuwa Waarabu wa Makka na majangwa yake. Ngamia kwao alikuwa gari, maziwa, ngozi, nyama, mahari na deni. Waliamka na harufu yake. Kama nia ilikuwa kuwashangaza, angetajwa nyangumi, au mnyama wa kisiwani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Akatajwa yule aliyefungwa nyuma ya nyumba, anayetafuna, anayetema mate. Tena ametangulia mbingu.

Najiuliza wakati mwingine, na Mungu anisamehe kama navuka mpaka, tungeulizwa sisi wa Kerenge swali hilo, angetajwa nani mahali pa ngamia.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kizima juu ya tafakuri ndani ya Ihyaa Ulumid-Din. Humo anashuka kutoka mbinguni hadi kwa chungu, nyuki, buibui na mbu. Analalamika kwamba mtu akiingia nyumba ya tajiri akaona nakshi na dhahabu atazisimulia maisha yake yote, na huku nyumba hii kubwa tunayolala ndani yake, yenye mbingu kwa dari, hainui kichwa kuitazama. Kinachotufumba macho, anasema, ni mazoea.

Kwa heshima zote za mwanafunzi wa mbali, mimi naona mazoea ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni matumizi. Kitu cha karibu hatukioni kwa sababu kiko kazini. Jembe unaliona likiwa butu. Mlango unauona ukigoma kufunga. Mama yako unamwona akiugua. Siku zote nyingine vinatuhudumia, na mhudumu mzuri sifa yake ni kutoonekana. Kamera, ikitumiwa vizuri, inafanya jambo moja dogo: inakipa kitu likizo. Kinu unachokipiga picha hakitwangi kwa dakika ile. Kipo tu. Na kikiwa kipo tu, bila kukutwangia, unaweza kuanza kukitazama kama kitu alichokiumba Mwingine, kutoka mti alioumba Mwingine.

Chukua mkonge, maana huo ndio ninaoupa nafasi ya ngamia. Hapa ni kila kitu: kamba, mkeka wa mlangoni, mlingoti wa kujengea banda la mbuzi, mshahara wa babu. Na wala si mwenyeji. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na asili yake ni Yucatan kule Meksiko. Vilivyofika hai vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 ikaja neema na taabu ya mkoa huu: mashamba, reli, kambi, manamba walioletwa kutoka mbali kwa mikataba, kadi ya kipande ya siku 30 za kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inavuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani, kabla ya nyuzi za plastiki kuuangusha mkonge bei. Hayo tunafundishwa shuleni. Jinsi mkonge unavyoonekana, hatufundishwi.

Jani likiingia kwenye korona, mashine ya kukwangulia majani ya mkonge, linatoka limevuliwa nyama yote. Maji ya kijani yanayowasha ngozi yanatiririka mferejini na harufu yake, ambayo aliyekulia kambini hawezi kuisahau, inakaa kwenye nguo hadi Jumapili. Katika jani zima nyuzi hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Kilichobaki ni maji na makapi. Singa zinatoka mbichi, nyeupe zenye ukijani kwa mbali, wanawake wanazibeba mabegani na kuzianika kwenye waya zilizonyoshwa safu kwa safu. Mtu anayepita barabarani anaona nguo zilizofuliwa, basi. Lakini nenda asubuhi, jua likichomoza juu ya milima ya Mashariki, uchuchumae nyuma ya waya mwanga ukikujia usoni. Usinga mmoja mmoja unashika mwanga wake. Ukikaribiza lenzi hadi shubiri moja, unakuta kila mmoja una vumbi jeupe lililokauka juu yake, na hapa na pale kipande cha nyama ya jani ambacho korona ilikisahau, kijani kibichi, kidogo kuliko punje ya mtama, kimekwama. Nilikaa na kipande kimoja cha namna hiyo hadi kikageuka kahawia mbele ya macho yangu. Msimamizi akaniuliza nimetumwa na nani. Nilipomwambia sijatumwa, alionekana kunihurumia.

Nani angeniamini kwamba ile ilikuwa ibada? Lakini sijui niiite nini. Sikuwa nimechukua udhu kwa ajili yake, sikuwa na kisomo, nilikuwa natazama tu kitu ambacho hakikuniletea faida yoyote. Swala zangu nyingi, nikisema kweli, zina maombi mengi ndani yake kuliko kutazama.

Wapo watakaoniambia kwamba macho ya hivyo ni ya wageni, kwamba mwenyeji hawezi kuyapata. Tuna msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone, na kwenye picha watu wameuchukua kama sheria. Hapa mkoani kuna ushahidi mkubwa wa kuwaunga mkono. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, akalipa jina la Saintpaulia. Leo linakaa madirishani kwa watu Ulaya na Marekani, wanalimwagilia kwa vijiko, na wengi hawajui limetoka milima hii. Huku kwetu baadhi ya aina zake za porini zinatishiwa kutoweka kwa sababu misitu inakatwa. Wazee wetu walilipita ua hilo wakienda kutafuta kuni. Mgeni akaliona.

Sawa, aliliona. Ila macho ya mgeni yana muda. Wiki ya kwanza kila kitu kinang'aa kwake, mwezi wa tatu analalamikia barabara kama sisi. Upya ule hakuutafuta, alishuka nao melini. Mwenyeji akitaka kuona lazima atie nia, kama inavyotiwa nia ya funga usiku, na nia ndiyo inayogeuza tendo kuwa ibada. Josef Sudek, mpiga picha wa Prague aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianza mwaka 1940, mji wake ukiwa chini ya Wajerumani, kupiga picha za dirisha la studio yake. Dirisha lile lile, kwa miaka: umande kwenye kioo, mti uliopinda nje, theluji, glasi ya maji kwenye kizingiti. Prague ni mji ambao watalii hawamalizi kuupiga picha, na yeye alikuwa mwenyeji wake. Alikaa nyuma ya kioo.

Tofauti nyingine kati ya mgeni na mwenyeji naiona kubwa zaidi, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Walther Dobbertin alifanya kazi ya picha katika Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu miaka ya mwanzo ya 1900 hadi Vita vya Kwanza vikamkuta huku, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Enzi hizo ndizo za reli ya Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902. Ukiangalia picha za wakati ule, za huyu na za wenzake, watu wamo na majina hamna. Mpagazi. Mwanamke wa Kisambaa. Askari. Mgeni hakuwa na la kuficha kwa sababu hakuwa na alilolijua. Mimi nikimpiga picha mtu wa hapa, namjua yeye, namjua mkwewe, najua anadaiwa wapi. Picha yangu inaweza kumvua nguo bila kumgusa.

Hili nililisikia kwa kauli ya bibi mmoja, jikoni kwake. Jiko lile ni la zamani: mafiga matatu, na juu yake dari la fito ambapo mahindi ya mbegu yanakaa na maganda yake, yakipigwa moshi mwaka mzima. Buibui wamefunga utando kati ya fito, masizi yamepanda juu ya utando, na kwa miaka nyuzi zile zimekuwa nene, nyeusi, zinaning'inia na kuyumba hewa ya moto ikipanda. Mwanga ulikuwa unaingia kwa upenyo kati ya ukuta na bati, mstari mmoja tu. Kila utando uliopita kwenye mstari ule ulionekana umefumwa kwa mkaa. Nilimwamkia, nikakaa, tukaongea habari za mvua, ndipo nikasema.

"Bibi, naomba kupiga picha dari lako."

"Dari? Lina nini?"

"Masizi."

Akaacha kupepeta. "Wewe mjukuu wangu, unataka watu waseme sifagii?"

Nikamweleza kwamba ni mazuri. Akanitazama kama anayepima kama nimekula. Kisha akanifundisha: masizi yale hafagii kwa makusudi, kwa sababu mahali moshi unapokaa fukusi hakai, na mwaka ule wadudu wa skania walipoingia maghala ya watu, mbegu yake ilipona. Mjinga anaona uchafu, akasema, mwenye kula mahindi Februari anaona ghala. Akafikiri kidogo, akamalizia: "Haya piga. Ila usiseme ni kwa nani."

Niliegemeza kamera kwenye kinu kilichopinduliwa, nikaacha shata wazi muda mrefu, na kwa kuwa nyuzi zilikuwa zinayumba, zikatoka ukungu mweusi, isipokuwa mmoja uliokuwa umeshikwa na gunzi. Nimeitundika studio. Wateja wanaulizana kama ni mizizi au ni nywele. Sijasema ni kwa nani wala sitasema, na hapa pia sisemi.

Mbona hili ni la dini? Kwa sababu wanazuoni wetu, walipobishana kuhusu kamera, walibishana sana juu ya kuumba. Hadithi zinawaonya vikali watengeneza sura, na wengi wakauliza kama mpiga picha naye anaiga kazi ya Mungu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika kijitabu kuruhusu: kamera haiumbi chochote, alisema, inazuia tu kivuli, mithili ya kioo. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, alishikilia kwamba picha za viumbe wenye roho ni haramu ila kwa dharura. Huku kwetu mabishano hayo yalikuja na yakapoa. Maalimu wangu, ambaye alikuwa upande wa marufuku, alikuja studio mwaka aliojaliwa safari ya Hija, akaketi mbele ya pazia bila kunitazama, akasema, "Hii ni dharura." Nikampiga. Sikumcheka yeye pia. Alikuwa anafuata fatwa barabara.

Mimi naegemea kwa Sheikh Bakhit. Lakini nikikubali kwamba kamera inazuia kivuli, naona swali zito zaidi linabaki mezani, na silisikii likiulizwa sana: kivuli hiki ni cha nani? Qur'ani inakataza kuingia nyumba zisizo zetu kabla ya kubisha hodi na kusalimu, katika Sura ya An-Nur, aya ya 27. Inakataza upelelezi wa mambo ya watu, katika Al-Hujurat, aya ya 12. Jirani ana haki zake ambazo mapokeo yamezikokoteza hadi Mtume akadhani jirani atarithi. Kwa jinsi ninavyoelewa, hukumu ya kamera imo humo zaidi kuliko kwenye mlango wa masanamu. Lenzi ni mguu uliovuka kizingiti. Yule bibi hakuwa na neno na uumbaji. Alihofia sitara yake. Na alikuwa sahihi, maana picha ya masizi yenye jina ingemfanya kichekesho cha kijiji, na isiyo na jina imekuwa sifa ya buibui na ya Aliyemfundisha.

Kwa hiyo kupiga picha nyumbani kuna ugumu ambao Irente haina. Mlima hauombwi ruhusa. Ndiyo maana, nadhani, wengi tunakimbilia mlimani: tunasema hapa hamna kitu, kumbe hapa kuna watu.

Picha iliyo karibu kuliko zote inadharauliwa kuliko zote, nayo ni paspoti saizi. Pazia la buluu kwa fomu hizi, jeupe kwa fomu zile, masikio yaonekane, usicheke. Akina mama wenye kujisitiri, mke wangu ndiye hunyoosha mitandio yao. Hakuna mpiga picha anayetundika paspoti saizi ukutani kama sanaa yake. Lakini hiyo ndiyo inayorudi. Mtu anafika alfajiri, viatu vina umande: "Kaka, mama amefariki usiku. Unayo ile aliyopigia kitambulisho?" Naitafuta kwenye kompyuta, naikuza, naiprinti. Majirani Wakristo huiweka mbele ya jeneza. Waislamu wengi hapa hawatundiki, huomba niwawekee kwenye simu.

Uso uliokuzwa unaonyesha vitu ambavyo fomu haikuviomba. Chale ya zamani karibu na nyusi. Wanja uliopakwa haraka, jicho moja zaidi ya jingine, kwa sababu alijua anakuja kwangu. Na ndani ya mboni, kila mboni, kuna mlango wa studio yangu, mstatili mweupe mdogo, na katikati ya mstatili doa jeusi ambalo ni mimi na kamera. Sura ya 51, aya ya 20 na 21, inataja ishara zilizo ardhini na zilizo ndani ya nafsi zetu, kisha inauliza, tena, kama hatuoni. Ile ya ardhini nimeitafuta kwenye singa na masizi. Ile ya nafsi imekuwa ikiketi kwenye stuli yangu kwa shilingi elfu chache, ikiniuliza kama itakuwa tayari kabla basi halijaondoka.

Vijana wa kijiweni wanaweza kuendelea kumwelekeza mgeni Lushoto. Ni biashara yao, nauli ya bodaboda hadi njia kuu wanaijua. Ombi langu ni kwa wenyeji wa bonde hili, wa Kerenge, Magoma, Mashewa hadi Korogwe mjini, na wa Handeni kwenye mashamba ya mkonge ya upande ule. Kwenye masanduku yenu kuna picha za kambi, za korona, za babu waliokuja kama manamba, za harusi zilizopigwa na akina mjomba. Zitoeni. Kaeni na mzee anayewafahamu waliomo, ombeni ruhusa yake au ya watoto wao, mwandike majina nyuma kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino inapenya, na baada ya miaka michache inatokea usoni.